Mama Alipofunga kwa Ajili Yangu

Mwaka jana daktari mmoja wa mjini aliniandikia sindano ya kupunguza uzito, ya kujichoma tumboni mara moja kwa wiki. Kazini hatukuwa na mazungumzo mengine. Nilikuwa mnene, magoti yananiuma, na utani wa watu umenichosha. Baada ya miezi mitano sketi zangu zote zilikuwa zinanipwaya. Nilijiona nimeukata.

Mama sikumwambia. Anaishi karibu na Makumira, na kwa watu wa rika lake mtu hakondi hivihivi. Alizika wadogo zake wawili waliokonda, miaka ile ambayo ugonjwa wenyewe haukutajwa. Jumapili moja nilipomwamkia, aliitikia huku macho yake yako kwenye mifupa ya shingo yangu. Akanipikia mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Nikala vijiko vitatu, kichefuchefu kikanishika, nikasogeza bakuli.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi, mama. Ni kazi tu."

Uongo wa kijinga. Niliona aibu kumwambia mwanamke aliyelima migomba ili nishibe kwamba natumia dawa ya kunikatisha hamu ya kula.

Safari iliyofuata nilikuta akina mama wa jumuiya ya kanisani wamejaa sebuleni. Waliniwekea mikono mabegani, wakaniombea uponyaji, mmoja akilia. Nami nikafumba macho nikaitikia amina. Hilo linaniudhi hadi leo. Dawa ilifanya kazi yake. Ubaya ulikuwa wangu.

Wiki mbili baadaye jirani alinipigia simu: mama ameanguka shambani. Nilimkuta hospitali, ametundikiwa dripu. Muuguzi akaniambia alikuwa anafunga kutwa nzima, na vidonge vya presha anameza tumbo tupu. Alikuwa amefunga kwa ajili yangu.

"Mama, siumwi," nikasema. "Najichoma sindano ili nipungue. Nimetaka mwenyewe."

Alijiinua kidogo kitandani.

"Ule ugonjwa huna?"

"Sina, mama. Nisamehe."

Nilisubiri anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Badala yake aliomba uji, akanywa kikombe kizima, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Basi mwambie baba yako mdogo aendelee kulima pale pembeni ya kaburi la baba yako," akasema. "Nilimkataza. Nilijua utapahitaji."