Gauni Nililoshonewa Kubwa

Mwezi uliopita nilialikwa harusini hapa Bunia, nikaketi meza moja na wanawake wa rika langu, mama wa watu wazima, wengine tayari wana wajukuu. Mmoja alivaa gauni lenye mikono iliyovimba kama mikate ya mafuta. Mwingine alikuwa na kola ya mviringo ya kitoto, na mgongoni utepe uliofungwa fundo kubwa, kama tunavyowafungia watoto siku ya ubatizo. Miguuni, soksi nyeupe zenye lesi. Watu wakawasifu, "Munakuwa kama batoto!" nao wakacheka kwa haya ya kujifanya. Mimi nikasukuma sahani yangu ya sombe, kisamvu cha kwetu, nikatoka nje. Usinicheke, rafiki yangu. Si wivu wa mwanamke aliyenenepa. Nina kisa na nguo za namna ile, na kimekaa moyoni miaka mingi.

Wewe uliyekua nyakati zile unakumbuka. Serikali ya Zaire ilitaka mwanamke avae kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga, suruali zilikuwa marufuku, na mama zetu walitii kuanzia kiunoni kwenda chini. Kuanzia kiunoni kwenda juu walifanya walivyotaka. Miaka ya themanini ilipoanza, blauzi za wanawake wa mjini zikaanza kurudi utotoni: mikono ya puto, kola za kitoto, marinda kifuani, na utepe kwenye nywele. Jirani yetu, mwenye watoto saba, alikwenda sokoni na utepe mwekundu kichwani, na hata sauti yake ikawa nyembamba. Mume wake akamuuliza mbele ya watu, "Sasa mwenye kupika bugali ni nani, na mwenye kunyonya ni nani?" Tulicheka wiki nzima.

Nyumbani kwetu aliishi mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu. Tulilala kitanda kimoja. Alinisuka kwa uzi mweusi akikaza mpaka macho yanavutika, huku akinipulizia shingoni nisilie. Alijua kupika samaki wa Kasenyi hata mifupa ukaitafuna, na alipocheka, walio barabarani walicheka naye bila kujua kisa. Umri wake ulikuwa unaelekea thelathini na hajaolewa, jambo ambalo mtaani kwetu lilisemwa kwa sauti ya chini kama ugonjwa. Wachumba walikuja, wakala, wakaenda zao. Mimi sikuona kasoro yoyote kwake. Ningeambiwa nichague mtu mmoja wa kubaki naye duniani, ningemchagua yeye, mama yangu anisamehe.

Mwaka ule nilikuwa najiandaa kupokea komunyo ya kwanza. Katekista alitukaririsha maswali na majibu, fimbo ya mkaratusi mkononi. Mama, aliyekuwa akiuza maharage sokoni, alinunua popelini nyeupe, na sisi watatu tukaipeleka kwa fundi aliyeshonea kwenye baraza la duka. Cherehani yake ililia tangu asubuhi, na vitambaa vyeupe alivifunika kwa karatasi vumbi jekundu lisivikute. Mama mdogo ndiye aliyechagua mtindo. "Umutilie mikono ya kuvimba," alimwambia fundi, "na kola ya muviringo. Mutoto yetu aonekane." Njia nzima ya kurudi nilishika pindo la kikwembe chake kwa furaha.

Sasa unajua vizuri kwamba kwetu hakuna mtoto aliyeshonewa nguo ya kipimo chake. "Mutoto anakomea, kitambaa haikomee," mama alisema, yaani mtoto hukua lakini kitambaa hakikui, na fundi hakuhitaji kuambiwa, maana mama wote walisema hivyo hivyo. Akaacha mapindo mapana kila mahali. Nilipolijaribu, kiuno kilinifika mapajani na mabega yakaning'inia. Siku yenyewe wangenibana kwa pini, kisha ningekuwa nalikulia kidogo kidogo mpaka niwe msichana mkubwa. Ndivyo tulivyofikiri. Gauni linalomsubiri mtoto akue linaweza kumtosha mtu mzima leo hii, lakini hilo sikuliwaza. Yuko aliyeliwaza.

Lilitundikwa msumarini chumbani kwa mama, limefunikwa kikwembe cha zamani. Kila jioni, nikishateka maji na kutwanga sombe, niliingia, nikainua pembe ya kikwembe, nikanusa kitambaa kipya. Sikuligusa, mikono yangu ilikuwa na kijani cha sombe. Nilijiambia kwamba nikilivaa, hata katekista ataniita kwa upole.

Siku nane kabla ya komunyo, wakaja wageni kutoka Boga, shangazi wawili wa mwanaume aliyekuwa akimtaka mama mdogo. Walitaka kumwona kwa macho yao, kwa sababu huko kwao walikuwa wameambiwa ni msichana mbichi. Kuku akachinjwa, ua ukafagiwa mara mbili. Mama akaniita nyuma ya jiko.

"Leo umuite yaya. Usimuite mama mudogo. Unasikia?"

"Juu ya nini?"

"Juu nimesema."

Yaya, kwetu, ni dada mkubwa, mtoto wa mama yako mwenyewe. Nikafikiri ni mchezo.

Wageni walipoketi, mama mdogo akatoka na beseni na maji ya kunawa. Nililitambua gauni langu kabla sijamtazama usoni. Walikuwa wamelikata kiunoni, sehemu ya juu ikawa blauzi juu ya kikwembe, na sketi yangu wameigeuza marinda ya kifuani. Mapindo yote yaliyokuwa yananisubiri yalikuwa yamefunguliwa, na yalimkaa sawasawa. Hata utepe wa komunyo yangu ulikuwa kichwani mwake. Alipiga magoti, akainamisha macho, na salamu alizitoa kwa sauti ya mtoto ambayo sijawahi kuisikia kitandani kwetu.

"Kumbe iko mutoto kabisa!" mgeni mmoja alisema, ameridhika.

"Eh," mama akajibu. "Njo kwanza anakomea."

Yule mgeni akanigeukia mimi. "Na weye, huyu ni nani yako?"

Nilimtazama mama. Mama alitazama sufuria. Nilimtazama mama mdogo, naye akawa anapanga sabuni na taulo kana kwamba sikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi, rafiki yangu, na watu wawili niliowapenda kuliko wote walikuwa wameninyang'anya nguo yangu, kisha wakasimama wakisubiri niwasaidie.

"Yaya," nikasema.

Wote wakacheka kwa raha. Nikapewa paja la kuku, ambalo siku nyingine zote lilikuwa la baba. Nikaliacha kwenye sahani.

Wageni walipoondoka nililia mpaka nikatapika. Mama akasema, "Utavaa ile ya masomo. Iko safi." Mama mdogo akataka kunikumbatia. "Nitakushonea ingine," alisema, "ya kupita ile." Nikamsukuma. Kuanzia siku ile nililala kwenye mkeka.

Kabla ya komunyo kulikuwa na maungamo yetu ya kwanza. Watoto wenzangu waliungama sukari na matusi. Mimi niliungama kwamba nimedanganya wageni, na padri, asiyejua kisa, akanipa sala za kitubio. Nilizisali peke yangu, magoti juu ya simenti, wakati wale walionifundisha uongo walikuwa nyumbani wakizungumzia mbuzi wa mahari. Hilo linaniuma kuliko gauni.

Jumapili wasichana wote walikuwa weupe kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mimi nilikuwa na shati na sketi ya buluu ya shule. Katekista akanitoa katikati ya mstari, akaniweka nyuma karibu na wavulana, ili mstari usiharibike. Mama alikuwa kwenye benchi la mbele, anaimba. Mama mdogo hakuja, alisema kichwa kinamuuma.

Aliolewa Boga, na blauzi akaenda nayo. Hiyo nyingine ya kupita ile haikushonwa kamwe. Nasikia kwao walimwita "mutoto" mpaka alipoota mvi, na kwamba aliishi vizuri na mume wake. Sijui kama alicheka tena kile kicheko cha kufika barabarani. Sikumtembelea.

Nilimuuliza mama mara moja tu, nikiwa mimi mwenyewe nina watoto. Tulikuwa tunachambua maharage kwenye ungo. Hakushtuka, kana kwamba alikuwa ananingojea.

"Yesu haangaliake manguo," alisema. "Bale bantu ya Boga njo banaangaliaka."

Akaendelea kutoa vijiwe. Kwa akili yangu ya mtu mzima nikaona amesema kweli: dada yake alikuwa na mlango mmoja tu uliobaki wazi, na mlango ule ulitaka mtoto. Lakini nilikuwepo mimi pia, na mimi pia nilikuwa naangalia. Hilo sikumwambia. Sasa amefariki, na sina wa kumwambia ila wewe.

Baraza la yule fundi limebomolewa, vita vimewatawanya wale niliopokea nao komunyo, na siku hizi watoto wananunuliwa nguo zilizokwisha kushonwa, zinawakaa leo na mwakani zinatupwa. Watu wa umri wetu wanasikitika. Wanasema zamani mama alishona akifikiria kesho ya mtoto wake. Mimi sisikitiki. Binti zangu niliwashonea nguo za kuwabana, na mtu yeyote, hata mume wangu, akiniambia, "Hii ni yako, nimekuwekea," namwambia anipe sasa hivi, mkononi.