Barua Iliyobaki Ubaoni

Mwaka ulikuwa 1975, masika yamekolea, nami nilikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mjane wa mwaka mmoja na miezi minane. Na aibu nitakayoisimulia niliipata darasani kwangu mwenyewe, mbele ya watu thelathini na mmoja walioniita Mwalimu. Hadi leo siisimulii bila kushika shavu.

Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na minne, katika shule ya misheni, nikikaa na watoto walionifika kiunoni, na labda ndiyo sababu nilipopata ualimu nilijivunia mwandiko wangu kuliko wenzangu walivyojivunia khanga mpya (nakiri, na Mungu ananijua). Mume wangu, aliyekuwa kibarua wa barabara kule Mikumi, alifariki tarehe 11 Agosti 1973. Ukoo wake ulisubiri, kisha Machi 1975 ukaniletea ujumbe kwamba, kwa desturi, nirithiwe na kaka yake mkubwa, Mzee Yeremia, mwenye mke na watoto saba. Kurithiwa kulikuwa na maana ya kuhamia kwake na kuacha kufundisha. Kukataa, walisema wazi, kulikuwa na maana ya kutoka katika nyumba na shamba alivyoniachia marehemu.

Jambo kama hilo shemeji haambiwi usoni. Nikaamua kuandika barua, mwinjilisti aipeleke na kumsomea faraghani, kwa kuwa Mzee Yeremia alikuwa bado anahangaika na silabi katika darasa langu la kisomo cha watu wazima, ambako yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa darasa, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. (Darasani aliniita Mwalimu; tukivuka mlango tu, alikuwa shemeji yangu mkubwa nami nilimwamkia shikamoo.)

Karatasi nzuri ya barua nilikuwa nayo moja tu, na mimi sivumilii barua yenye kufutwafutwa. Kwa hiyo Alhamisi, tarehe 17 Aprili, watoto walipokwenda shamba la shule, niliiandika kwanza ubaoni, nikaongeza hapa, nikapunguza pale, mpaka ikapendeza. Nilikuwa nimerudi nyuma kuitazama nilipoitwa na mwalimu mkuu: mgeni amefika, bwana elimu ya watu wazima kutoka Kilosa, ameshuka treni Kidete na kutembea kwenye matope, kwani mto Mkondoa ulikuwa umefurika na njia imekatika. Ningeweza kufuta. Sikufuta, maana nilikuwa sijainakili, na iliniuma kuupoteza mwandiko ule (majivuno, wapendwa, majivuno), nikajiambia nitarudi kabla ya saa tisa, watu wazima wanapoingia.

Mgeni alikuwa msemaji. Tulipofika darasani ilikuwa saa tisa na robo, na wanafunzi wangu wote, akina mama kwa wazee, walikuwa wameinama kimya juu ya madaftari. Ndipo nilipoikumbuka kanuni yangu mwenyewe, niliyowakaririsha tangu siku ya kwanza: kilichoko ubaoni kinanakiliwa kwanza, maswali baadaye. Walikuwa wakiinakili barua yangu.

Niliiendea dasta, mgeni akanizuia. "Usifute, Mwalimu. Kila ninakokwenda wananisomea masomo ya pamba na mbolea tu. Nani atatusomea hii?"

Mkono wa Mzee Yeremia ulikuwa juu. Nikasema mzee ametoka kupalilia, amechoka, asome mwingine.

"Sijachoka," akasema. "Jina langu liko pale juu."

Alisimama akitabasamu, akidhani nimemtungia somo la heshima. "She-me-ji ya-ngu Ye-re-mi-a." Akina mama wakampigia makofi. Akasoma kwamba nimepokea ujumbe wa ukoo, akasoma kwamba namheshimu, kidole chake kikitembea hewani kufuata mstari, kisha akafika pale. "Si-ta-ri-thi-wa." Alikuwa amelitamka kabla ya kulisikia. Akalirudia, safari hii zima: "Sitarithiwa."

"Endelea, mwenyekiti," akasema Bi Debora, jirani yangu, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika. "Kumebaki mstari mmoja."

Akaumaliza. "Mimi si jembe lililoachwa na marehemu." Akaketi taratibu.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini niliutazama uso wake na nikaona kitu ambacho miaka yote ya chaki haikuwahi kunionyesha: mtu mzima ambaye maneno yameinuka kutoka ubaoni na kumgusa yeye, kwa jina, bila mtu katikati. Nilistaajabu katikati ya aibu yangu, kama mtu aliyewasha kiberiti akaona mlima mzima unaonekana.

Madaftari thelathini na moja yakaenda nyumba thelathini na moja. Kufikia Jumapili barua yangu ilikuwa ikisomwa kwa silabi mtoni na nje ya kanisa, na ukoo ukanishtaki kwa halmashauri ya kijiji kwamba nimemdhalilisha mzee, na kwamba nyumba na shamba virudi kwao. Tangu Alhamisi ile sijatoka darasani bila kufuta ubao, hata nyumba ikiungua, na sitatoka.

Shauri lilikatwa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1975. Msemaji wa ukoo alidai kwamba barua ile si barua, kwani haikupelekwa na mjumbe. Nilipiga magoti nikaomba radhi kwa namna ilivyofika, si kwa kilichoandikwa. Kisha Mzee Yeremia akasimama.

"Barua zote za maisha yangu nimesomewa na watu," akasema. "Ya kodi, hata ya msiba wa mdogo wangu. Hii nimeisoma kwa mdomo wangu. Sasa niseme sikuipata?"

Mwenyekiti wa kijiji akatamka kwamba, kwa kuwa mzee mwenyewe amelipokea jibu, nyumba na shamba ni vyangu na sirithiwi. Katibu akaandika, akamsogezea Mzee Yeremia kidau cha wino aweke kidole gumba kama siku zote. Yeye akakisukuma kando, akaomba kalamu. Herufi saba za jina lake, tukazisubiri zote.

Kisha akanigeuzia kalamu. "Na wewe, Mwalimu," akasema, na hatukuwa darasani.