Mgeni Aliyezikwa Daa

Kwa miaka kumi na moja Dorkasi Amnaay alitandika vitanda katika loji ndogo nje kidogo ya mji wa Karatu, kwenye barabara inayopanda kuelekea lango la Ngorongoro. Alizaliwa kijijini Daa, akaishia darasa la saba, akaolewa, akafiwa na mume akiwa na mimba ya miezi sita. Binti aliyezaliwa, Blandina, alimlea peke yake mpaka akaolewa Babati, na kazini wote walimwita Mama Blandina. Hakuwa msemaji. Kiingereza chake kilikuwa cha taulo, maji ya moto na saa za chakula, lakini wageni aliwajua kwa jinsi walivyoviacha vitanda vyao, na mara chache alikosea.

Mwanzoni mwa Machi 2020 waliingia mume na mke kutoka Argentina. Mume, Osvaldo, alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mrefu, mwembamba, kola ya shati imemzidi shingo. Mke, Nelida, alikuwa fundi cherehani. Siku ya pili walishushwa kwenye kreta ya Ngorongoro, na Osvaldo alirudi vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Akamwambia Dorkasi, kwa Kiingereza kibovu kama chake, kwamba miaka thelathini alikuwa akiwachorea watoto shimo lile ubaoni bila kuliona.

Walikuwa wakae wiki tatu tu nchini. Kabla hazijaisha, ugonjwa ulikuwa umefunga dunia. Safari zao za ndege zikafutwa mara ya kwanza, mara ya pili, kisha nchi yao ikafunga anga na haikueleweka itafungua lini. Wageni wengine waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake. Magari ya watalii yalikoma kupita barabarani, hata mbwa wakaanza kulala katikati ya lami.

Meneja, Leonce, aliwakusanya wafanyakazi uani akawaambia waende nyumbani. Kisha akamwita Dorkasi pembeni.

"Mama Blandina, wewe na Sairowua mtabaki. Mshahara sina, nisikudanganye. Chakula kipo. Wazee wale siwezi kuwatoa nje."

"Sawa," alisema Dorkasi. Hakuwa na kwingine pa kwenda isipokuwa kwenye kipande chake cha shamba kule Daa, alichoachiwa na mama yake, kilichopakana na shamba la kaka yake Wilibrodi.

Wakabaki wanne: wazee wawili, Dorkasi, na Sairowua, mlinzi, Mmasai wa Nainokanoka ambaye naye aliona ni heri kushinda getini kuliko kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kilichomnyima Osvaldo raha ni viza. Waligongewa muhuri wa siku tisini, na siku hizo zilikuwa zinaishia mwanzoni mwa Juni. Leonce alimweleza kwamba Uhamiaji Arusha wanaongeza muda kwa waliokwama, aende tu siku zikikaribia. Hakutulia. Maishani hajawahi kuwa mtu asiye na karatasi halali, alisema, na hataki kuanza uzeeni. Leonce akamtafutia fomu. Osvaldo akazijaza zote mbili, yake na ya mkewe, kwa mwandiko wa mwalimu, akaziweka kwenye bahasha mezani wiki tano kabla ya siku yenyewe.

Kumbe kilichokuwa kinaisha upesi zaidi si viza. Asubuhi moja ya mwisho wa Aprili Dorkasi alikuwa anafuta meza ya kitandani, akaona wembe, na kando yake vidonge vilivyokatwa katikati, vingine robo. Alielewa palepale. Marehemu mama yake aliwahi kufanya hivyohivyo na dawa za presha, ili zisiishe upesi. Alipogeuka, Osvaldo alikuwa amesimama mlangoni. Mzee akaweka kidole mdomoni, akaonyesha kwa kichwa upande wa bustani alikokuwa Nelida.

Dorkasi akanyamaza. Siku nne alinyamaza, akijiambia kwamba mambo ya mume na mke hayamhusu mtandika vitanda. Siku ya tano aliona miguu ya mzee imevimba mpaka viatu havifungiki, akaenda kumwambia Nelida. Mama yule hakupiga kelele. Aliingia chumbani, na kupitia ukutani Dorkasi akamsikia akisema neno moja tu la lugha yake, tena na tena, ambalo Dorkasi hakulijua maana.

Walizunguka maduka yote ya dawa Karatu. Leonce akatuma mtu Arusha. Dawa mbili zilipatikana, ya tatu haikupatikana popote. Daktari wa hospitali ya misheni akampa nyingine ya kushikilia, akasema wazi kwamba moyo umechoka na kwamba kuzipunguza dawa kumemwumiza. Osvaldo akaishi siku kumi na mbili zaidi. Katikati ya Mei, asubuhi, akinyoa ndevu, alianguka bafuni. Sairowua alivunja kitasa. Mzee alikuwa na povu la sabuni shavu moja, na shavu la pili limenyolewa vizuri.

Nelida aliomba wembe. Akamaliza kumnyoa. Kisha yeye na Dorkasi wakamwosha.

Kwenye cheti daktari aliandika moyo. Mjini hakuna aliyesadiki. Mzungu amekufa mwezi wa Mei, mwaka ule, halafu uambiwe ni moyo? Ubalozi wao, ulioko nchi nyingine, ulisema kwa simu kwamba mwili hauwezi kusafirishwa, azikwe hukohuko. Leonce akaenda kuomba nafasi makaburini, akarudi uso umemshuka. Hawakumkatalia, ila kila aliyemwona alimtuma kwa mwingine.

"Mwili umelala siku tatu mochwari," alisema. "Sijui nifanyeje, Mama Blandina. Nimeishiwa."

Dorkasi alikuwa anakunja shuka. Alimaliza kuikunja, akaiweka juu ya zile nyingine.

"Mimi nina shamba," alisema.

Wilibrodi alipopata habari alikuja kwa miguu mpaka kwenye mpaka wa mashamba yao, akasimama hapohapo. Alikuwa kaka yake wa kwanza, ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzika mumewe.

"Dorkasi, ni kweli ninayosikia? Unamleta mgonjwa huyo umzike pembeni ya mama?"

"Si mgonjwa, kaka. Ni maiti."

"Usinijibu hivyo. Nina wajukuu sita kwenye nyumba ile. Yule ni nani kwako?"

Dorkasi alitazama kaburi la mama yao.

"Mkewe hana pa kumweka," alisema.

"Na sisi hatuna pengine pa kuishi. Ukimzika hapa, usinijue tena."

Mazishi yalikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Kaburi lilichimbwa na Sairowua pamoja na katekista Remigius, na walipochoka Dorkasi mwenyewe alishika koleo. Sairowua alikuwa amemwambia mapema kwamba kwao mtu haendi kugusa kaburi kirahisi, na wazee wake wakijua watasema. Alichimba hata hivyo, shuka lake jekundu kalifunga kiunoni, bila kuinua macho. Kijiji hakikuja. Watu walisimama mbali, juu ya kilima, kama wanaotazama moto wa jirani.

Aliyekuja ni mmoja, shangazi Penina, dada wa baba yao, mwenye miaka sabini na kitu. Alipita katikati ya shamba la Wilibrodi na fimbo yake, akamshika Nelida mkono, akakaa naye hivyo kuanzia sala ya kwanza mpaka udongo ulipoisha. Aliongea Kiiraqw, Nelida akajibu kwa lugha yake, na hakuna aliyewatafsiria.

Wiki mbili baadaye, siku tatu kabla ya viza kuisha, Leonce aliwapeleka Arusha. Nelida alikaa nyuma na Dorkasi, bahasha mapajani. Ofisini watu walipangwa kwa kuachiana nafasi, barakoa usoni, ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Ofisa alikuwa dada mmoja kijana, sauti yake ya upole. Alifungua bahasha akazitoa fomu zote mbili.

"Waombaji wawili. Huyu mwingine yuko wapi?"

Nelida hakuelewa. Alimtazama Dorkasi.

"Yuko Daa," alisema Dorkasi.

"Basi itabidi afike mwenyewe, mama. Hatuwezi kumwongezea mtu asiyekuwepo."

"Hawezi kufika. Tumemzika."

Ofisa akazitazama tena zile fomu, mwandiko mmoja uliopangika, mistari imenyooka. Dorkasi akatoa cheti cha kifo kwenye mkoba. Dada yule alikisoma chote, akaitenga fomu ya Osvaldo kando, taratibu.

"Pole sana, mama," akamwambia Nelida kwa Kiingereza. Kisha akamsukumia fomu mpya. Ile ya kwanza ilijazwa na mtu mwingine, akaeleza, na hii lazima mwombaji aijaze kwa mkono wake.

Nelida alijaza jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuingia. Alipofika pa sababu ya kuomba kuongezewa muda, kalamu ikasimama.

"Niandike nini?" alimwuliza Dorkasi kwa kile Kiingereza chao cha kuungaunga.

"Andika ndege hakuna."

"Ndege zikirudi nitaandika nini?"

Nyuma yao watu walikuwa wanasubiri. Nelida akaandika kwamba ndege hakuna, akapewa miezi miwili.

Waliporudi Karatu jioni, Sairowua aliwafungulia geti akamwambia Dorkasi kwamba wametuma mtu kutoka Daa. Shangazi Penina ameshikwa na kifua.

Alikwenda kesho yake. Watoto wa Penina hawakumruhusu apite mlangoni. Alisimama dirishani, akamsikia shangazi yake akivuta pumzi kama mtu anayeburuta gunia juu ya changarawe. Siku ya tisa alifariki. Nani angepima? Wengine walisema nimonia, wengine uzee. Wengi walisema ni Dorkasi. Kwenye matanga, alipoingia uani, wanawake walihama mkeka aliokalia, mmoja baada ya mwingine, mpaka akabaki peke yake.

Hakuwachukia kwa hilo. Kilichomtafuna ni kwamba yeye mwenyewe hakujua. Daktari alisema moyo, naye aliiona ile miguu iliyovimba, aliuona wembe. Lakini alikumbuka pia kwamba Osvaldo alikaa hospitali mchana kutwa katikati ya watu waliokuwa wakikohoa, na kwamba mikono ya Nelida ilikuwa ndani ya mikono ya Penina mazishi yote. Aligeuza jambo hili kichwani akiwa anapalilia, akiwa anafua, akiwa kanisani. Halikuwa na mwisho. Tena kulikuwa na zile siku nne. Angesema siku ya kwanza, huenda mzee angeishi, kaburi lisingechimbwa, shangazi asingekuja.

Siku moja alimwambia Nelida haya ya siku nne. Walikuwa shambani wanang'oa magugu kandokando ya kaburi. Nelida alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kung'oa.

"Mimi nililala naye kitanda kimoja," alisema baadaye. "Sikuona."

Wakakusanya magugu, wakarudi Karatu.

Agosti walirudi Arusha. Ofisa alikuwa mwingine, mwanamume, mwenye haraka lakini si mkali. Aliongeza siku thelathini akasema ndege zimeanza kupatikana, mama ajiandae. Njiani kurudi, walipopita Makuyuni, Nelida aliuliza kama kuna viza ya mtu ambaye hataki kuondoka. Leonce akacheka kidogo, akidhani ni utani, kisha akaacha.

Aliondoka Septemba. Asubuhi ya mwisho alikwenda Daa, akakaa kaburini hadi jua lilipokuwa kali. Alimwachia Dorkasi cherehani ndogo ya mkono aliyoinunua mjini wakati wa kukwama kwao, na gauni alilomshonea, kubwa kidogo mabegani. Dorkasi alidhani Nelida angelia. Hakulia. Aliingia garini kama mtu anayepelekwa hospitali.

Alituma ujumbe mara tatu. Desemba aliandika kwamba nyumba ni kubwa. Mei ya mwaka uliofuata uliingia ujumbe kutoka namba hiyohiyo, ulioandikwa na mpwa wake: Nelida amefariki kwa ule ugonjwa, wodini, bila mtu kuruhusiwa kumwona. Alikuwa ameomba mumewe arudishwe wazikwe pamoja. Mpwa aliuliza taratibu zikoje. Leonce alimsaidia Dorkasi kuulizia, wakamjibu. Mpwa hakuandika tena.

Loji ilifunguliwa upya chini ya mmiliki mpya, aliyekuja na watu wake. Dorkasi alihamia Daa moja kwa moja. Hulima mahindi na mbaazi, hushona sare za shule za watoto wa mbali, maana wa karibu hawaleti vitambaa kwake. Sairowua akishuka mnadani hupita kumjulia hali, husimama nje ya mpaka wa kaburi, hunywa maji, huondoka.

Mwaka jana Wilibrodi alikuja. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga uwanja wa dada yake tangu mazishi yale. Amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Alikaa kwenye kigoda, akasema anagawa ardhi kwa wanawe, na kwamba kijana wa tatu amekosa sehemu.

"Kile kipande cha kaburi kingemfaa," alisema. "Mifupa ile ihamishwe. Hata wenyewe wameisusa."

"Haina mwingine wa kuitunza, kaka."

"Kwa hiyo mwanangu akose pa kujenga kwa ajili ya mtu usiyemjua hata ukoo?"

"Nimekusikia," alisema Dorkasi. "Lakini haitoki."

Chai ilikuwa imeshamiminwa. Wilibrodi aliitazama, akashika fimbo yake, akainuka, akarudi kwake kwa njia ya pembeni. Dorkasi alikaa mpaka chai ikapoa, akaimwaga, akachukua jembe. Mvua zilikuwa zimekaribia na shamba bado halijakatuliwa.