Shemeji na Nyumba Yake ya Magurudumu

Watu wa Mombasa walimpenda shemeji yangu kwa sababu hawakukaa naye. Walimsikia kwenye santuri na redioni, wakamwona harusini na koti lake jeupe, wakarudi makwao wakiimba. Sisi wa Likoni ndio tuliomchotea maji ya kuoga.

Alikuwa mume wa dada yangu mkubwa. Sauti alijaliwa, hilo silikatai. Akianza kuimba, hata wapishi wa harusi waliacha masufuria yao wakaja kusimama mlangoni. Lakini Mungu akimpa mja sauti, si lazima ampe na akili, na kwa huyu wallahi aliona sauti inatosha.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho mwisho ya serikali ya Mzungu, walowezi wa bara walipoanza kuuza vitu vyao wapate kurudi kwao. Wengi wao walizoea kuja likizo pwani ya kusini wakikokota trela nyuma ya magari yao, vijumba vya bati vyenye kitanda na meza ndani. Shemeji aliona moja imeegeshwa njia ya Tiwi, inauzwa, akaipenda kama mtu aliyeona mke wa pili. Wakati huo yeye na dada walikuwa wamepanga vyumba vizuri tu kisiwani, Majengo. Akavirudisha kwa mwenyewe. Samadari ya dada, kitanda ambacho mama alimpa alipoolewa, haikupita kwenye mlango wa trela, basi akaiuza. Hakumuuliza. Dada alirudi kutoka sokoni akakuta mahali pa kitanda pana vumbi tupu.

Jioni moja tukasikia honi shambani kwetu Likoni. Shemeji alikuwa ameikokota trela yake kwa gari lake na kuiegesha katikati ya kisima na jiko letu, amesimama pembeni anaipapasa ubavuni kama ng'ombe. Mama akatoka na mwiko mkononi.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Nyumba, mama. Sasa mimi sifungwi na ukuta. Nikitaka kulala Malindi nalala Malindi, nikitaka Vanga nalala Vanga."

Mama akaizunguka yote, taratibu, akarudi alipoanzia. "Wageni hukaa wapi?"

Shemeji akacheka. Mama hakucheka.

Nitaeleza maisha ya humo ndani, maana magazeti yaliyomsifu hayakueleza. Jua likipanda, bati lilichemka mpaka mishumaa ikainama yenyewe. Dada alikuja kulala kwetu tangu adhuhuri hadi alasiri, juu ya mkeka, uso umevimba kwa joto. Lilikuwamo jiko la mafuta la kizungu, lakini shemeji alikataza lisiwashwe, moshi usije ukachafua dari lake jeupe. Kwa hiyo dada alipika kwetu. Alifua kwetu. Choo walitumia chetu. Shemeji alikuwa akipita uani kila asubuhi na taulo begani, akitusalimu kwa madaha kama mgeni wa hoteli za Nyali, akarudi kunywa chai tuliyomtilia sisi, katika kikombe alichonunua pamoja na ile trela. Huyo ndiye mtu asiyefungwa na ukuta. Kuta zetu ndizo zilizokuwa zikimsitiri.

Akaja mpiga picha wa gazeti. Shemeji alimvalisha dada kanga mpya, akamsimamisha mlangoni pa trela na kikombe mkononi, atabasamu. Kikombe kilikuwa kitupu. Picha ilipokwisha dada aliivua kanga, akarudi kukuna nazi. Baadaye wakamhoji redioni, nasi tukasikiliza kwa jirani.

"Mimi ni kama ndege," alisema kwa ile sauti yake ya asali. "Nalala nilipotua."

Mama alikuwa akimenya muhogo. "Ndege yupi huyo?" akauliza. "Hata chozi, kile kindege kidogo cha mauani, hujenga kiota."

Safari alizipenda kweli, sitamzulia. Alimpeleka dada Msambweni, akampeleka Malindi, wakakaa huko majuma kadhaa. Waliporudi nilimuuliza dada ameona nini.

"Nimeona visima vya watu," dada akajibu. "Kila tunaposimama, kwanza atafuta nyumba yenye kisima na choo. Kisha aimba kidogo, wafurahi. Kisha mimi naomba ndoo."

Akashika mimba, na mimba ikawa kubwa, ndipo shemeji akaalikwa kwenda Changamwe kuwaimbia wafanyakazi wa viwanda na wa matangi ya mafuta. Angeweza kwenda akaimba, akarudi. Hapana. Akasema watahamia huko na trela. Mama alimsihi amwache dada ajifungue kwanza. Shemeji akajibu kuwa mtoto wa msanii lazima aizoee barabara tangu tumboni. Mama akanitazama mimi. Nikafunga nguo zangu, nikaingia kwenye trela pamoja na dada.

Tulifika kivukoni maji yamekupwa. Wanaoijua Likoni wanajua maji yakipwa njia ya kushukia feri inavyosimama kama paa la nyumba. Mfanyakazi wa feri alimwashiria shemeji angoje maji yapande. Shemeji akampungia mkono, akadhani anaamkiwa na mpenzi wa nyimbo zake, akashuka.

Gari likaingia feri, trela ikabaki njiani. Chuma cha kuungia kilichimba zege, ikakwama nusu bara nusu majini, imeinama mbele. Ndani, masufuria yalituporomokea. Meza ile iliyokuwa inageuka kitanda ilimwangukia dada mapajani. Maji ya mtungi yakatulowesha sote wawili. Dada alijikamata dirishani kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka tumboni, midomo inasoma dua.

Nje malori yalipiga honi. Halafu honi zikanyamaza, nikasikia makofi. Nikachungulia. Watu walikuwa wamemtambua shemeji, wakamwomba wimbo, naye amepanda juu ya boneti ya gari lake, kifua mbele, anaimba. Mkewe yumo ndani ya bati lililopinduka nusu, yeye anaimba habari za mahaba.

Nikausukuma mlango. Mama mmoja wa Kidigo aliyekuwa na kikapu cha mihogo alikitua chini, akaja akampa dada bega lake, tukamshusha. Alikuwa ametota, buibui limemganda mwilini. Akajifunga vizuri, akaanza kupanda kwenda juu, barabarani.

Shemeji akamwona, akakatiza ubeti.

"Wenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani si hapa?"

"Hapa ni kivukoni," dada akasema.

Watu waliangua kicheko kikubwa. Shemeji naye akacheka pamoja nao, akifungua mikono kama kwamba mkewe ametoa mzaha waliopatana, kisha akaendelea na ubeti wake palepale alipouacha. Sisi tulipanda. Yule mama wa Kidigo alitusindikiza mpaka juu, akampa dada kanga yake moja ajifunike, akarudi kwenye mihogo yake. Makuli waliinyanyua trela kwa magogo, nasikia, na feri ikaondoka.

Shemeji hakurudi kututazama. Alikaa Changamwe akisifiwa, ametia trela yake kando ya nyumba za wafanyakazi, na watu wa bara waliwaleta watoto wao kuiona. Dada alijifungua salama, mtoto wa kike. Tulipompelekea habari, shemeji alituma zawadi kwa mtoto: santuri yake mwenyewe. Gramafoni hatukuwa nayo. Mama aliitumia kufunikia mtungi.

Mtoto alipoanza kukaa, mjomba wetu alikwenda Changamwe kudai talaka. Alirudi ameshika shingo, maana hakuweza kusimama wima mle ndani ya trela, alisema maneno yote mazito ameinama kama mtu anayetafuta sindano.

"Amekubali?" mama akauliza.

"Amekubali upesi kuliko nilivyopenda. Ameitoa talaka, kisha akaniuliza kama nataka kuona meza inavyogeuka kitanda."

Uhuru ulipokaribia, shemeji aliipaka trela rangi za bendera, nyeusi, nyekundu na kijani, na miaka yote ya nyuma sikumsikia akitaja Uhuru hata mara moja isipokuwa uhuru wake wa kulala Malindi. Watu walimshangilia kila alipopita. Sikushangaa. Watu hushangilia rangi.

Dada naye alikatiwa kipande cha shamba na mama, akajenga nyumba ya udongo na makuti. Vyumba vilikuwa vidogo, lakini baraza aliifanya pana, watu kumi wakikaa hawagusani, na hapo alifuma kofia na kusuka mikeka ya kuuza. Alinenepa. Akawa anacheka tena.

Siku moja, bendera mpya imeshapandishwa, honi ikalia njiani. Trela ilikuwa imebabuka rangi, dirisha moja limezibwa kwa kipande cha mbao. Shemeji akashuka na koti lake jeupe, akatuamkia kwa madaha yaleyale. Dada alimkaribisha barazani kwa heshima, akamletea mtoto ampakate, akampa chai na mahamri. Mtoto alilia. Shemeji akamwimbia, mtoto akazidi kulia.

Kisha akaangaza macho uani, akakiona kisima. "Pazuri hapa," akasema. "Nitaegesha siku mbili tatu, inshallah, nipate kumzoea binti yangu."

"Binti yako njoo umwone utakapo," dada akamwambia. "Wakati wowote, chai ipo. Lakini trela, pale mbele pana nafasi ya kuigeuza."

Shemeji akanitazama mimi, labda akitaraji nimtetee. Nikamwondolea kikombe.

Kuigeuza kulimshinda. Alikwenda mbele, akarudi nyuma, akaenda mbele tena, watoto wa majirani wakimwelekeza kila mmoja upande wake, na mwisho akauangusha mpapai wetu uliokuwa umejaa matunda. Hata kushuka kuomba radhi hakushuka, akaenda zake. Tuliyaokota mapapai yasiyopasuka, tukala.