Umbali wa Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya maigizo nilifika nikiwa utingo wa lori la chumvi. Nilizaliwa mjini Tororo, nikaacha shule darasa la tano, na tangu hapo sikukaa mahali pamoja. Siku hiyo dereva wangu alikubali kubeba mabenchi ya kundi moja la michezo ya kuigiza hadi Busia. Nilipomaliza kuyashusha, nikasimama mlangoni kutazama mazoezi. Mwanamke jukwaani alikuwa akimgombeza mwanawe huku akilia, kwa kuuza ng'ombe wa urithi.

Nikauliza kwa sauti, "Mbona hamgombezi mumewe? Si ndiye aliyemruhusu kijana?"

Mkurugenzi wa kundi, mtu mrefu aliyevaa kandambili hata mbele ya wakubwa, akageuka. "Unajua kusoma?"

"Kidogo, mzee."

"Kidogo inatosha. Lori likiondoka, wewe baki."

Nikabaki, nikawa mnong'onezaji. Mnong'onezaji hukaa nyuma ya pazia na maandishi ya mchezo mkononi. Mwigizaji akisahau, humtupia mwanzo wa sentensi kwa sauti inayomfikia yeye peke yake. Ukichelewa, watu wanaanza kupiga miluzi. Ukiwahi sana, mwigizaji aliyenyamaza kwa makusudi anakuchukia wiki nzima.

Nilikuwa pia na daftari la wahusika. Kila mtu wa mchezo alikuwa na ukurasa wake: anataka nini, anamwogopa nani, anamficha nani jambo gani. Na kabla ya kujifunza maneno tulikuwa tunapanga sakafu. Waigizaji walisimama kimya, kila mmoja akijiweka karibu au mbali na mwenzake kadiri ya uhusiano wao, nami nikachora chaki miguuni pao na kupima kwa hatua.

"Usiniandikie wanachosema," Mkurugenzi alikuwa akiniambia. "Mtu anaweza kusema chochote. Niandikie anasimama wapi."

Mchezo wa kwanza nilioufanyia kazi ulihusu familia moja: mjane aitwaye Mama Taaka, binti yake, na mume wa binti. Niliusoma mara tatu. Mama Taaka hasemi neno na mkwe wake tangu mwanzo hadi mwisho. Mkwe akiingia, yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Chakula anampa binti apeleke. Mkwe anapougua, mama anazunguka nyuma ya nyumba na kuuliza dirishani kama homa imeshuka, kisha anaondoka. Nikaandika: "Mama Taaka anamchukia mkwe wake. Anataka aondoke."

Niliandika haraka kwa sababu mwanamke wa namna hiyo nilimjua. Mwaka mmoja kabla, nilikuwa nimemwoa Nabwire, Msamia wa Masafu. Tulitoroka kwanza, wazee wakaja kukubali baadaye, kwa hiyo hakuna aliyeniketisha kunifundisha mambo ya ukweni. Tukajenga karibu na mama yake. Mama akiniona njiani, anakata kona na kuingia kwenye mihogo. Nikiingia nyumba aliyomo, anatoka. Kwetu mjini, kwa watu wa maduka na malori, mama mkwe anakupakulia pilau na kukutania ulivyonenepa. Nikaona nafukuzwa.

"Mama yako hataki hata kuninusa," nilimwambia Nabwire.

"Ni heshima hiyo. Kama mimi naongopa, uliza watu."

Mimi niliyeuliza kila kitu duniani, hilo sikuliuliza. Nilidhani anamkingia kifua mama yake. Nikapanda lori, nikamwacha kwao.

Basi nikausoma ukurasa wangu mbele ya kundi. Mama aliyeigiza Mama Taaka, Msamia wa Masinya aliyeuza samaki sokoni asubuhi na kuja mazoezini mchana, alicheka hadi akakaa chini.

"Nyinyi, sikia hii mtu ya lori! Eti mimi nachukia mkwe yangu!"

"Lakini mama, unamkimbia kila mahali," nikajitetea.

"Nakimbia juu ni mkwe! Mtu bure, ile si mkwe, napatia mkono, nasalimia, nakwenda. Mkwe sigusangi. Sasa ile kuzunguka nyumba kuuliza homa yake, wewe uliona ni chuki?"

"Huyu akioa Msamia," kijana mmoja akadakia, "atahama siku ya kwanza!"

Wakacheka wote, isipokuwa Mkurugenzi. Alinyoosha kidole kwenye daftari. "Futa. Huyu mama anampenda kijana yule kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba, na hana ruhusa ya kumkaribia. Andika hivyo."

Nilifuta hadi karatasi ikatoboka. Nikaomba ruhusa ya siku mbili niende Masafu. "Nani atanong'ona?" Mkurugenzi akauliza. "Nenda maonyesho yakiisha." Nikakubali. Tulicheza Busia, tukacheza Tororo, tukaenda hadi Molo, na kila jioni nilimtazama mama yule akizunguka nyumba ya mbao na kuuliza habari za homa. Miezi ikapita hivyo.

Nilipofika Masafu, mama yake Nabwire alikuwa anakuja kwenye njia ileile, jembe begani. Nikapisha pembeni, nikisubiri aingie mihogoni. Hakuingia. Alikuja moja kwa moja, akashusha jembe, akanipa mkono.

"Karibu, kijana. Habari ya safari?"

Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto. Kabla hajaniambia kwamba Nabwire yuko kwa mume mwingine ng'ambo ya mpaka, nilikuwa nimeshajua.

Nilifanya kazi na Mkurugenzi hadi kundi lilipovunjika. Nikahamia Tororo chini ya Meneja wa Ukumbi, aliyependa ngoma kuliko mazungumzo, kisha upande wa Kenya kwa Mwalimu wa Maigizo, aliyenifokea kwa chaki zangu akisema zinachafua sakafu. Mwisho macho yakakataa giza la nyuma ya pazia, nikastaafu.

Siku hizi vijana wananitumia michezo yao kwa simu. Wahusika wanaambiana kila kitu: nakupenda, umeniumiza, nisamehe. Ninawajibu wapange sakafu kwanza, waone nani anampisha nani. Wengine hawarudi kuniuliza tena. Mimi naendelea kusoma, maana sijui kukaa bila kazi.

Nabwire ana wajukuu sasa, nasikia, na sina cha kumdai. Ila nikipita njia ya Masafu na kumwona mama mzee yeyote akitokea mbele, mguu wangu bado unapunguza mwendo. Ninatamani mmoja wao anione, akate kona, aingie kwenye mihogo. Wote wananipa mkono.