Elfu Kumi Mia Nne na Tatu

Kwa masikitiko makubwa inatangazwa kwa ndugu, jamaa na majirani kwamba mke wa fundi vigae ana mwingine. Mwingine huyo anaitwa Elfu Kumi Mia Nne na Tatu. Hana miguu, hana kazi, na hajawahi kuleta nyumbani hata kipande cha sabuni.

Mke huyu hukata tiketi kwenye lango la bwawa la kuogelea. Wateja wakiadimika, huzigawa namba za tiketi kichwani: hii kwa saba, ile kwa kumi na tatu. Siku moja akaishika moja iliyokataa katakata. Alijaribu kila kigawo mpaka mia, akaishia hapo. Vigawo huja viwiliviwili, na mia mara mia tayari ni elfu kumi. Zile mia nne na tatu za mkiani akaziona vumbi tu. Akaja nyumbani na habari: hii ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tiketi hakuiuza. Aliichomeka kwenye kioo cha kabati, palepale ilipokuwa picha ya harusi.

"Haimtegemei mtu," alisema akiipangusa.

Fundi, aliyempangia mke huyu sakafu ya jiko bila kigae kimoja kwenda upande, hakuwahi kupanguswa. Wivu ukamkaba. Akanyoa ndevu, akajipaka mafuta ya kunukia. Mke akamuuliza kama anakwenda hospitali. Kazini, mwenzake wa plasta hakumhurumia.

"Kaka, anayeibiwa mke na dereva anajua pa kwenda kugombana. Wewe namba utaipigia wapi?"

Akawaza mpaka chai ikapoa. Namba utaipigia sakafuni. Kwa fundi vigae, rundo lolote linalojaza mstatili wa safu zaidi ya moja bila kubaki hata kimoja limegawanyika, hakuna ubishi. Akachukua chaki, akachora ukumbi wa vigae mia kwa mia. Vikabaki mia nne na tatu. Akaongeza safu tatu ubavuni, mia tatu zikaenda. Safu moja chini, mia nyingine. Kona ikabaki wazi, nafasi ya vigae vitatu, na mkononi amebakiwa na vitatu.

Mia na moja kwa mia na tatu. Hakuna pengo. Alicheka peke yake hadi yule wa plasta akasogeza mwiko wake mbali.

Jioni hakuvua hata viatu. Alisimama mbele ya kabati kama mwendesha mashtaka.

"Mama watoto, huyo bwana wako kagawanyika. Mia na moja mara mia na tatu. Si tasa wala nini."

Mke akapiga hesabu, ikakubali. Akaichomoa tiketi kiooni. Fundi tayari alikuwa anaitafuta picha ya harusi kwa macho. Mke akaigeuza tiketi, akaandika nyuma yake zile namba mbili, akaijaribu moja, akaijaribu na ya pili. Zote zikagoma. Akairudisha kiooni.

"Hizi ndizo tasa kweli," alisema. "Tena pacha, zimepishana mbili tu. Asante, baba watoto. Sasa ninazo mbili."