Siku Mbili Baada ya Mlango Kufungwa

Alhamdulillahi, Mola amenipa umri na akili ya kukaa mbele ya kompyuta hata baada ya kustaafu ukarani bandarini. Asubuhi nasomesha watoto wa mtaa Qur'ani, hapa Mji wa Kale. Baada ya adhuhuri nina kazi nyingine isiyo na mshahara: programu kubwa ya kompyuta, ya bure, inayoandikwa na watu wa nchi mbalimbali wasiojuana kwa sura. Yeyote aweza kuleta kipande chake cha msimbo, yale maagizo yanayoiendesha programu. Mimi nimepewa mlango. Kila miezi sita hutoka toleo jipya, na wiki tatu kabla yake nafunga. Tangu hapo hakiingii kitu kipya, ila marekebisho ya kilichovunjika. Na kipi ni kipya, kipi ni rekebisho, nasema mimi.

Mwaka uliopita kipande kimoja kilifika siku mbili baada ya kufunga. Kiliiwezesha programu kusoma kwa sauti maneno ya Kiswahili yaliyo kwenye skrini. Kabla yake iliyatamka kama mtu anayetafuna kokoto. Nilikipima mara tatu, sikuona kasoro.

Aliyekiandika alikuwa karani wa bohari moja Shimanzi, Mkristo wa kutoka bara. Tulikuwa tukiandikiana tu. Alipoona kimya, akaja nyumbani kwangu na mkewe.

"Hodi! Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Karibuni ndani."

Alipapasa kizingiti kwa mguu kabla ya kuingia. Ndipo nikajua kwamba macho yake yanakwenda. Akanieleza: mkubwa wake wa kazi amemvumilia hadi toleo hili, na kampuni haiweki kwenye kompyuta zake ila toleo rasmi. Kompyuta ikimsomea, atabaki mezani pake. Isipomsomea, basi.

"Nilichelewa kwa kuwa naandika kwa jicho moja, na hilo nalo lataka kuniaga," akasema, akicheka. "Lakini mlango wenu, Maalim, una komeo gumu kuliko geti la bandari!"

Nami nikacheka. Kwetu mgeni haambiwi hapana akiwa chini ya dari yako. Nikawamiminia kahawa, nikawalisha mahamri na mbaazi, nikamsikiliza mpaka akamaliza, sikumjibu lolote. Walipoinuka nikampa mkewe sahani ya halua iliyofunikwa kitambaa. Yule bwana akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alidhani amekubaliwa, kwa kuwa kwao mtu aliyekusudia kukukatalia hakulishi. Nililiona hilo usoni mwake, nami nikamsindikiza hadi nje.

Baada ya alasiri nikaandika, mbele ya wenzetu wote: "Kimechelewa. Kisubiri toleo lijalo."

Nikasifiwa. Mmoja aliandika kwamba mzee wa Mombasa hana mjomba wala shangazi. Nilifurahi, sitaficha. Hakuna aliyejua kwamba katika toleo lililotangulia kipande cha mkwe wangu kilichelewa siku tano, nami nikakiita rekebisho. Hakikurekebisha kitu. Mkwe alikuwa akitafuta kazi, na binti yangu alinipigia simu mara moja tu. Niliyemlegezea alikuwa wangu. Wa kukaziwa akapatikana mgeni.

Toleo lilipotoka, wiki mbili baadaye, mkewe alipiga hodi peke yake. Nilimkaribisha, hakuketi.

"Ameachishwa?" nikauliza.

"Jumatatu. Barua yao nilimsomea mimi. Na ile yako, mzee, nilimsomea mimi pia. Alinifanya niirudie. Alidhani nimeruka mstari."

Akatoa sahani yangu kikapuni, imesuguliwa ikang'aa.

"Majirani wameniambia huku sahani ya mtu hairudishwi tupu," akasema. "Hii nimeileta tupu."

Akashuka ngazi.

Kile kipande nilikiingiza kwa mkono wangu siku ya kwanza mlango ulipofunguliwa tena. Chafanya kazi vizuri. Nilimwandikia yule bwana kumwarifu, wala sijapata jibu. Sijui kama mkewe alimsomea.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema zake, na toba naileta kila sala. Sahani nimeiweka juu ya kabati. Mke wangu akiuliza mbona haitumiki, humwambia ina ufa. Haina.